Mkandarasi anafukia makosa ya paili za daraja jipya, mkaguzi anasaini tu

Wakuu, sitaji mto wala kampuni. Wanaopita pale kila siku watajua ni wapi. Paili, yaani nguzo za zege zinazoshuka ardhini kubeba daraja, ni za kuchoronga, kipenyo mita 1.2, kina mita 30, sita kwa kila nguzo. Sasa wanajiandaa kumwaga zege la kofia ya nguzo ya katikati, yaani bamba nene linalounganisha vichwa vya paili. Likishamwagwa, hakuna jicho litakaloona tena kilichofanyika chini. Ndiyo maana nalalamika leo, nisisubiri utepe ukatwe.

Tuanze na shimo. Pale chini ni mchanga mtupu, hausimami wenyewe. Juu unashikiliwa na kesingi (bomba pana la chuma), kuanzia hapo kushuka unashikiliwa na bentonaiti (uji wa udongo maalumu unaojazwa shimoni), na bentonaiti inafanya kazi ikiwa tu usawa wake uko juu ya maji ya mto, angalau mita 1.5, muda wote. Muda wote maana yake hata mafundi wakienda kula! Hawa wanaondoka, usawa unashuka, hakuna wa kuongeza. Kuta zinamomonyoka na mchanga unatua chini ya shimo, halafu paili inakuja kukalia godoro la tope badala ya ardhi ngumu.

Kinga yake inajulikana: safisha shimo, kisha chota sampuli kule chini kabisa, mchanga ndani ya bentonaiti usizidi asilimia 4 ndipo zege lianze. Wao wanachota kwenye tangi. Tangi la bentonaiti mpya! Majibu yatakosaje kuwa mazuri?

Kikapu cha nondo nacho: biskuti za sentimita 7.5, zile za kuweka nafasi kati ya nondo na ukuta wa shimo, zimefungwa juu panapoonekana, kushuka chini hakuna kitu. Kikapu kitaegemea upande mmoja na nondo zitagusa mchanga wenye maji. Hapo kutu ni suala la muda.

Sasa kubwa lao, bomba la tremi, yaani la kushushia zege. Zege chini ya maji halimwagwi, linashushwa kwa bomba hadi chini, mdomo ukiwa umeachia nafasi ndogo tu, kama sentimita 20. Zege la kwanza lishuke kwa mkupuo, si chini ya mita za ujazo 3 kwa paili ya ukubwa huu, ili mdomo ufunikwe papo hapo. Baada ya hapo mdomo usitoke kamwe, ubaki umezama ndani ya zege mita 2 au 3 hadi mwisho. Kwa paili moja gari la tatu la zege lilichelewa, zege likaanza kukaza ndani ya bomba, wakaling'ang'ania kwa krini, wakalinyanyua hadi likatoka. Wakalichomeka tena wakaendelea kama vile hakuna lililotokea. Zege lililopita katikati ya bentonaiti limeoshwa saruji, na kati ya zege la zamani na jipya kuna tabaka la tope. Hiyo ni paili mbili zilizobebana. Na gari lenyewe lilipofika, dereva akaongezewa maji kwenye pipa ili zege lilainike. Slampu (kipimo cha ulaini wa zege) ya milimita 200 inapatikana kwa mchanganyo mzuri na dawa ya kuchelewesha kukaza, si kwa mpira wa maji.

Mnataka ushahidi? Ombeni rekodi ya kila gari. Hesabu ni ya darasani: eneo la shimo ni mita za mraba 1.13, kwa hiyo gari la mita za ujazo 6 linapandisha zege mita 5.3 kwa kukadiria, na kiuhalisia chini kidogo kwa sababu shimo huwa pana kuliko mchoro. Likipandisha mita 7, shimo limebana, kuta zimeingia ndani. Likipandisha mita 3, kuna pango pembeni. Kila gari linapimwa kwa kamba yenye uzito. Rekodi inayoonyesha mita 5.3 kamili kwa kila gari, paili zote, imeandikwa ofisini.

Na yale mabomba manne ndani ya kikapu, ya kupitishia vipima sauti vya kukagua uzima wa zege, mawili yameziba. Hayakufunikwa vifuniko. Sasa wanasema watapiga nyundo juu ya paili watosheke. Kipimo cha nyundo kinasaidia kuona mkatiko mkubwa, lakini tope la pembeni au nondo zilizo wazi hakizioni vizuri. Vichwa vya paili wanavivunja kwa ekskaveta, nyufa zinashuka chini ya mstari wa kukatia, yaani pale paili inapotakiwa kuishia.

Tunachotaka: kofia isimamishwe, rekodi za paili zote sita zitolewe, na ile iliyotokwa na bomba itobolewe kiini, yaani mche mwembamba wa zege utolewe katikati, kutoka juu hadi chini, vipande vyake vipangwe kwenye sanduku kila mtu aone.

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini anasema paili moja kati ya sita haina shida, usanifu una akiba. Mkuu, akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya mzigo, haikuwekwa kwa ajili ya uzembe. Tope lile liko kama mita 9 chini ya kitanda cha mto. Mafuriko yakichimba mita 5, na wachimba mchanga wapo hapo hapo chini ya daraja, litabaki mita 4 tu chini, sehemu ambayo paili inapinda zaidi maji yanaposukuma nguzo. Ureno mwaka 2001 daraja la Hintze Ribeiro liliangukia mto Douro, watu 59 wakafa, na uchimbaji mchanga ulitajwa katika sababu za kitanda kuliwa. Kutoboa kiini leo ni kazi ya siku chache kwa mashine ndogo. Kofia ikishakauka, itabidi uivunje kwanza.