Nakwenda Mbinga kutafiti ngolo, nianzie wapi?

Mwanafunzi_Anthro: Habari zenu wadau. Nakwenda kutafiti ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mmomonyoko milimani. Dodoso langu lina maswali 64 na naona litanikwamisha. Mliotangulia mlianzaje?

BibiMtafiti: Mwanangu, dodoso liache begini, shika jembe. Mwezi Machi niliingia shambani na mama mmoja. Wanaume walishafyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba. Yeye anachimba katikati, udongo anafukia nyasi, juu yake maharage. Nilifukia kwa pupa. Akaufukua udongo wangu kimya kimya, akanionyesha ncha za nyasi zilizobaki nje: maji yangepita hapo. Miaka yangu yote ya utafiti naipima kwa ncha zile.

Mkulima_Ruvuma: Kweli kabisa. Na uwaulize wanawake, wachimbaji ndio wao.

Msomaji77: Mfuatilie pia Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyefika Tanganyika mwaka 1952. Mradi wake wa Jipemoyo, Bagamoyo, miaka ya 1970, ulishirikisha wanakijiji katika utafiti wenyewe.

Mwanafunzi_Anthro: Shikamoo bibi, asante sana. Jembe ninunue?

BibiMtafiti: Marahaba. Utaazimwa. Beba viatu vya kushika mteremko.