Power BI inanichanganyia tarehe, naombeni msaada

Wakuu, habari za jioni. Nipo duka la vipuri Kariakoo, bosi kachoka na Excel, anataka ripoti za mauzo kwenye Power BI, ile programu ya Microsoft ya kuchambua data na kutengeneza ripoti. Nimepakua ile ya Desktop, ya bure. Shida tarehe: mauzo ya 3/4, yaani Aprili 3, yanaangukia Machi, inasoma mwezi kwanza, Kimarekani kabisa! Kuanzia tarehe 13 ndiyo inagoma kusoma. Nimebadili mpangilio wa tarehe kwenye kompyuta, wapi!

Halafu nikiweka majina ya bidhaa kando ya mauzo, kila moja inaonyesha jumla ileile, eti plagi na injini nzima zimeuza sawa. Nadhani majedwali hayajaungana. Nianze kurekebisha lipi? Na kuna anayefundisha jioni, Sinza au Ubungo? Video zinanimalizia bando.