Outering imepanuliwa, mbona kuvuka ndiko kumekuwa kugumu?

BintiUmoja:
Hamjambo wadau. Naishi Umoja hapa Nairobi, mama anakaa Buruburu, kati yetu ni barabara ya Outering tu. Kabla haijapanuliwa foleni ilikuwa balaa, lakini mama alikuwa akivuka pale Mutindwa magari yakiwa yamesimama, mfuko wa sukuma mkononi. Siku hizi magari yanapaa. Magoti yake hayapandi daraja la miguu, kwa hivyo anazungushwa na boda hadi Donholm ndipo afike kwangu. Analipa nauli ili avuke barabara! Na ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao tunaulipa sote, mwenye gari na asiye nalo. Hiyo ni haki kweli?

DerevaTrela:
Dada, mpe mama pole. Ila hizi barabara za kuzunguka mji zina kazi yake. Zamani trela za Malaba, mpakani na Uganda, zilipita Uhuru Highway, katikati ya mji. Sasa Southern Bypass inanitoa Mombasa Road hadi Gitaru, kilomita 28 na ushee, mji nimeuacha kando. Lakini kweli, kati ya Kibera na Lang'ata alfajiri watu wanakatiza mbio mbele ya taa zangu, na trela yenye kontena haisimami ghafla. Roho hunitoka.

MkaaziMontreuil:
Huku Paris ni yale yale. Périphérique, barabara ya kuzunguka mji, kilomita 35, ilikamilika 1973 palipokuwa na ngome ya zamani, na hadi leo inatenga walio ndani na sisi wa nje. Oktoba 2024 mwendo ulishushwa kutoka kilomita 70 hadi 50 kwa saa, kwa ajili ya kelele na hewa chafu wanayovuta wanaoishi kandokando. Madereva walilalamika sana. Mwendo umeshuka hivyo hivyo.

BintiUmoja:
Kaka dereva, nimekusikia, sitaki trela zirudi mjini. Lakini barabara ikizinduliwa tunatajiwa dakika alizookoa mwenye gari; alizoongezewa mama hazipimwi na mtu. Nataka taa ya kuvukia pale Mutindwa, chini barabarani, inayompa mtu mzima muda wa kufika ng'ambo. Na ile nafasi ya katikati iliyoachiwa mabasi ya mwendo kasi, basi yaletwe. Anayejua MCA wetu (diwani wa kaunti) anakutana na wananchi lini, tafadhali aniambie.