Fuwele mpya ya silikoni: fononi hasi, na pengo la 0.75 eV. Niiamini?

Swali
Wakuu, natafuta maumbo mapya ya silikoni kwa ajili ya sola, natumia programu ya Quantum ESPRESSO. Nimepata moja la atomu 12 kwa seli ya fuwele, kila atomu ina majirani 4. PBE (njia ya makadirio ya kawaida) inatoa pengo la nishati la 0.75 eV, la moja kwa moja, pale Gamma, yaani katikati ya eneo la Brillouin. Tatizo ni fononi, yaani mitetemo ya atomu, ambayo ikiwa hasi umbo huenda si imara: −9 cm⁻¹ pale Gamma, −62 ukingoni mwa eneo la Brillouin. Nimeweka kikomo cha mawimbi 40 Ry, gridi ya k 4×4×4, na usahihi wa fononi tr2_ph 1.0d-12. Umbo halisimami, au hesabu ndiyo mbovu?

Jibu 1
Mkuu, hayo ni magonjwa mawili. Ile −9 ni modi za akustika (fuwele nzima kusogea pamoja), ambazo pale Gamma lazima ziwe sifuri; weka zasr='crystal' kwenye programu ya q2r.x na asr='crystal' kwenye matdyn.x, itaondoka. Ile −62 haitibiki hivyo. Kaza kwanza vikomo vya usahihi: tr2_ph 1.0d-14, conv_thr 1.0d-12, forc_conv_thr 1.0d-5, kisha k 8×8×8. Baada ya vc-relax (kulegeza seli na atomu pamoja) soma mstari wa P= (shinikizo) wa scf ya mwisho, yaani hesabu ya elektroni; ukikuta kbar kadhaa, rudia kuanzia seli hiyo mpya, maana fononi zako zinapigwa juu ya fuwele iliyobanwa. Hasi ikigoma kuondoka, chukua vekta ya modi hiyo, ongeza seli mara mbili upande wa q, sogeza atomu kama 0.05 Å kuifuata, ulegeze tena. Nishati ikishuka, umbo la kweli ni hilo jipya, na pengo ulihesabu upya.

Jibu 2
Kuhusu pengo, jipime na silikoni ya kawaida: PBE inatoa kama 0.6 eV, kipimo cha maabara ni 1.12. Kwa hiyo 0.75 yako huenda ikapanda hadi karibu na 1.3 kwa HSE06 (njia sahihi zaidi ya PBE), na hapo ndipo seli ya jua inapopataka. Ila usiamini Gamma peke yake. Kwenye silikoni ya kawaida bonde la elektroni (chini kabisa ya bendi ya juu) liko kama 85% ya njia ya Gamma–X, na gridi ya 4×4×4 inaliruka bila kuliona. Chora bendi kwa njia nzima, pointi 40 kila kipande. Kwa HSE06, nscf ya kawaida (hesabu ya bendi) haikubali, pitia programu za open_grid.x na Wannier90.

Halafu hesabu ufyonzaji wa nuru. Pengo likiwa la moja kwa moja, simetria bado inaweza kuuzuia mruko. Silikoni ya kawaida hufikia 10⁴ cm⁻¹ karibu na 2.5 eV tu, ndiyo maana vipande vyake ni vinene, zaidi ya mikromita 100. Umbo lako likishindwa kuifikia mapema kuliko hapo, halijaongeza kitu.

Jibu 3
Angalia pia kama linatengenezeka. Si24, fuwele nyingine ya silikoni iliyotangazwa 2014, ilipatikana kwa kutengeneza kwanza Na4Si24 (msombo wake na sodiamu, Na) chini ya shinikizo la takriban GPa 10, kisha sodiamu ikatolewa kwa joto ndani ya ombwe. Iliweza kutoka kwa sababu fuwele ina mifereji iliyo wazi. Lako lina mifereji? Jaza Na humo, uhesabu entalpi kuanzia GPa 0 hadi 15 dhidi ya misombo mingine ya Na na Si.