Je, Mkristo Bado Anafungwa na Sabato?

Mwenye hoja, Lubumbashi:

Ninaleta hoja hii kwa sababu ya mahubiri niliyoyasikia hapa mjini, ambamo mchungaji aliwakemea akina mama wanaouza unga na samaki katika soko la Kenya, mtaa wa mji huu, siku ya Jumapili, akiwasomea Kutoka 20: «Ikumbuke siku ya Sabato uitakase.» Jumamosi iliyotangulia, kanisa lile lile lilikuwa limewaita waumini waje kufyatua matofali ya jengo jipya, na mchungaji mwenyewe alikuwapo, mikono imejaa udongo. Mimi nashikilia kwamba Mkristo hafungwi na Sabato kama sheria; lakini anayeamini hivyo hana haki ya kuichukua amri ile, kuivua siku yake, kuivika Jumapili, kisha kuwatisha nayo wauza samaki.

Kwanza tuelewane kuhusu siku yenyewe, maana majina tunayotumia yanaweza kutupoteza. Watu wa pwani huhesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi kwao ni ya kwanza na Jumapili ni ya pili. Sisi wa Katanga tunaita Jumatatu siku ya kwanza, Jumamosi ni siku ya posho, kwa kuwa kompani zilikuwa zikiwagawia wafanyakazi chakula siku hiyo, na Jumapili ni siku ya yenga. Hakuna hata moja ya hesabu hizi inayolingana na ile ya Biblia, ambamo Jumamosi ni siku ya saba na Jumapili, siku ya ufufuko, ni ya kwanza. Anayedai kwamba Jumapili ndiyo ya saba kwa sababu kazi huanza Jumatatu anasoma kalenda ya kompani, si ya Musa.

Wasabato nao hupenda kusema kwamba Konstantino ndiye aliyeihamisha ibada. Ni kweli kwamba mwezi wa Machi mwaka 321 kaisari huyo aliamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku ya Jua, yaani Jumapili, huku akiwaruhusu wakulima waendelee na mashamba yao. Hata hivyo Yustino Shahidi, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza jinsi Wakristo walivyokusanyika siku hiyo hiyo wakasoma maandiko, wakasali na kushiriki mkate. Alichoongeza Konstantino ni pumziko la kisheria. Kabla yake Wakristo walikuwa wamekutana Jumapili kwa vizazi vingi katika dola ambayo haikuwapa siku hiyo, na sioni mahali ambapo mitume waliwaambia kuwa kufanya kazi baada ya ibada ni dhambi. Walutheri waliliona jambo hili mapema: Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linasema kwamba wanakosea wanaodhani kanisa liliiweka Jumapili mahali pa Sabato kama jambo la lazima. Ungamo la Westminster, la Wakalvini wa Uingereza wa miaka ya 1640, ndilo lililoiita Jumapili Sabato ya Kikristo, na nadhani mchungaji wetu ameurithi msimamo huo bila kujua ulikotoka.

Mama wa kanisa la Waadventista, Lubumbashi:

Ndugu mwenye hoja, mimi ni mmoja wa hao wa soko la Kenya, isipokuwa kibanda changu cha vitenge hufungwa Jumamosi, siku ambayo wanunuzi ni wengi kuliko siku nyingine yoyote. Kwa hiyo unisome ukijua kwamba jambo hili lina bei kwangu. Nakushukuru kwa kusema wazi kwamba amri haikuhamia Jumapili. Lakini ukiisha kukubali hilo, kwa nini huirudii siku yake? Mungu aliibariki siku ya saba katika Mwanzo 2, kabla hajakuwapo Myahudi hata mmoja, na katika Kutoka 16 watu waliacha kuokota mana siku hiyo kabla hawajafika Sinai. Yesu aliingia katika sinagogi siku ya Sabato «kama ilivyokuwa desturi yake», naye akasema kwamba Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Hakusema kwa ajili ya Israeli.

Kuhusu historia, umemtaja Yustino ukaacha kuitaja Laodikia. Mtaguso ule, yaani mkutano wa maaskofu, wa karne ya 4 uliwakataza Wakristo kupumzika siku ya Sabato, na nijuavyo mimi hakuna anayepiga marufuku jambo ambalo halifanywi na mtu. Ethiopia nayo haikuiacha: mwaka 1450, chini ya mfalme Zara Yaqob, kanisa la huko lilithibitisha kuziheshimu siku zote mbili. Na «sabato» za Wakolosai 2, ambamo Paulo anasema mtu asiwahukumu kwa ajili yake, ni zile sikukuu za mwaka zilizo katika Walawi 23.

Mwenye hoja:

Mama, kuhusu Laodikia umenishinda, nami naongeza kwamba katazo lile lilikuwa na sura mbaya ya chuki dhidi ya Wayahudi. Katika Wakolosai sikubali. Paulo anataja sikukuu, mwandamo wa mwezi na sabato, yaani mambo ya mwaka, ya mwezi na ya juma, na orodha hiyo imo pia katika Hosea 2 na katika 2 Mambo ya Nyakati 2, ambako hakuna anayetilia shaka kwamba ni Sabato ya kila juma. Tena mitume walipokutana Yerusalemu, Matendo 15, kuamua mataifa wabebeshwe nini, waliandika mambo manne, na siku haikuwamo. Mwanzo 2 unanisumbua zaidi, nakiri. Mle Mungu anapumzika na kubariki, lakini Adamu haagizwi lolote, na Kutoka 31 inaiita Sabato ishara kati ya Mungu na wana wa Israeli.

Mfanyakazi wa kiwanda cha shaba:

Mnabishana juu ya siku ya kuchagua, nami sina ya kuchagua. Tanuru letu haliwezi kuzimwa kila juma, kwa sababu likipoa, kilichomo huganda na matofali yake ya ndani hupasuka. Zamu yangu huangukia Jumamosi juma hili na Jumapili juma lijalo. Kumbukumbu la Torati 5 inasema mtumwa na mjakazi wapumzike «vile vile kama wewe», kwa kuwa Waisraeli walikuwa watumwa Misri. Sioni kama hapo anaambiwa mtumwa. Anaambiwa bwana wake. Mama, ng'ombe aliyetumbukia kisimani hutolewa hata siku ya Sabato, je, tanuru?

Mama wa kanisa la Waadventista:

Papa, katika kanisa letu yumo muuguzi anayefanya kazi Jumamosi, na ujira wa siku hiyo huutoa sadaka, hakuna aliyemfukuza. Tanuru mimi silijui, wala sithubutu kukuhukumu. Ila zamu hupangwa na mtu kwa kalamu. Je, umewahi kumwomba akupe siku moja isiyobadilika, na kama ulimwomba, alikujibu nini?