MBELE HT, NYUMA AT, "GARI MBILI KWA BEI YA MOJA": Huyu muuza matairi anatuona sisi ni nani?

Difu ya Kati (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni, japo yangu si njema. Nimetoka pale sasa hivi na mkono bado unatetemeka, mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Ukisema tu "yule wa matairi", hata muuza karanga wa barabarani anakuonyesha njia.

Oda ilikuwa AT nne (matairi ya lami na porini) za Prado 150. NNE. Stoo kakuta mbili. Mtu mwenye hofu ya Mungu anasema mzigo haujafika, njoo Jumatatu. Yeye kafunga hizo mbili nyuma, mbele kaacha HT (matairi ya lami) zilizokuwepo, kapigapiga bodi kama anamsifu ng'ombe mnadani, akasema mbele ya wateja wote: "Bosi, mbele lami, nyuma porini. Hapo una gari mbili kwa bei ya moja."

Gari mbili kwa bei ya moja!

Na si kwamba saizi ni moja. Mbele 265/65R17, nyuma kapachika LT265/70R17 (LT ni tairi la gari la mizigo mepesi). Chukueni kalamu. Ya mbele kipenyo chake ni milimita 776, ya nyuma 803. Hiyo ni asilimia 3.4. Kila kilomita moja tairi la mbele linazunguka kama mara 410, la nyuma 396. Piga Dar mpaka Dodoma, kilomita 450 hivi, uone: mbele imezunguka zaidi ya nyuma mara elfu sita na ushee. Nani anaimeza hiyo tofauti? Prado hii ni fowili (tairi zote nne zinavuta) muda wote. Anayeimeza ni difu ya kati (gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), ile ya aina ya Torsen iliyo ndani ya transfa (gia boksi ya fowili), ambayo imetengenezwa kupokea tofauti ya kwenye kona, si ya kutoka Kimara hadi Dodoma bila kupumzika. Oili inachemka, gia zinasagika, halafu siku ukibonyeza kitufe cha kufunga difu ukiwa kwenye lami kavu hapo hakuna tena kinacholegea: ama tairi liburuzike, ama transfa ipige kelele. Sensa za ABS (mfumo wa kuzuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) nazo zinaambiwa kila sekunde kwamba mbele kunakimbia kuliko nyuma. Taa ya kuteleza ikianza kuwaka barabara ikiwa kavu, msiende kwa mganga.

Nikamwambia hayo. Akacheka. Akamgeukia kijana wake: "Huyu ni mwalimu wa hesabu?" Wateja wakacheka. Akarudia tena, taratibu, kama anamfundisha mtoto wa chekechea: "Gari. Mbili. Kwa bei. Ya moja."

Bado mvua. Kashata za AT (vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) ni matofali makubwa, vijichane vyake (mikato midogo juu ya kashata) ni vichache kuliko vya HT, kwenye lami iliyolowa breki yake ni ndefu. Sasa yeye kaweka zinazoshika mbele na zinazoteleza NYUMA. Shuka Kitonga na mvua, gusa breki kwenye kona: pua inatii, mkia unakuja kukusalimia dirishani. Hiyo ndiyo gari ya pili aliyoisema, nimeielewa sasa.

Na upepo kajaza PSI 45 (PSI ndiyo kipimo cha upepo) zote nne kwa kutazama angani.

Gari mbili. Jamani.

---

Mpiga Spana

Siti ya mbele, karanga ninazo.

---

IST Nyeupe

Sisi wa IST tunapita kimya kimya. Ila Prado inayotoka Masaki kwenda Mlimani City inataka AT za nini, mkuu? Kupanda matuta?

---

Mama Changarawe

Mleta uzi una haki ya kukasirika, ila hata ungepata hizo AT nne bado ningekuuliza zinakwenda wapi. Watu wananunua AT kwa sababu ya picha. Kama kilomita zako nyingi ni lami na zilizobaki ni vumbi lililochongwa na greda, HT nzuri inakutosha: haina mlio, mafuta inakula kidogo, mvua inashika. AT inalipa pale penye mawe makali, kama Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Natron. Huko kinachokufa ni ubavu, si kashata, na ubavu wa LT ni mnene.

Halafu soma ubavu wenyewe. Ile 112 kwenye HT zako maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. Hiyo LT265/70R17 imeandikwa 121/118: 121 ni kilo 1,450 tairi likiwa peke yake, 118 ni kwa magari ya tairi pacha. Watu wakiona 1,450 wanafurahi, hawaoni kwamba kilo hizo ni kwa PSI 80! Ukilijaza upepo ule wa kibandiko cha mlango wa dereva, LT linabeba PUNGUFU kuliko tairi la kawaida la saizi hiyo hiyo. Ongeza kama PSI 6 hadi 8 juu ya kibandiko, pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ukiacha upepo wa zamani na familia ya watu saba na mizigo juu, mabega ya tairi yanapata moto, na joto ndilo linalochana tairi barabarani, si bahati mbaya.

---

Kipara Mtukufu

Huyo jamaa namfahamu!! Mimi aliniambia tairi likiwa kipara ndiyo linashika zaidi lami, "linakuwa kama la Formula One". Apewe maua yake.

---

Bwana Haraka

Samahani, namba yake tafadhali? Hizo AT mbili alifanya shilingi ngapi?

---

Difu ya Kati

@Bwana Haraka umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari? SITOI namba. Mtu kasema gari mbili kwa bei ya moja mbele za watu!

---

Bwana Haraka

Ndiyo, kwa hiyo ni bei gani?

---

Nyuki wa Naabi

Nyie wa Prado mnadeka. Njooni kwenye Land Cruiser za kazi, 7.50R16 zenye tyubu. Hapo hakuna HT wala AT, kuna tairi na sala. Barabara ya Naabi kwenda Seronera, huko Serengeti, kiangazi ni mabati matupu (vijituta vya mfululizo). Kinachookoa tairi pale ni upepo na mwendo: shusha kutoka upepo wa lami, kama robo hivi, na usijifanye ndege. Ukitoka kwenye mabati unajaza tena KABLA ya kukanyaga lami. Wengi wanashusha, hawajazi, wanapiga 110 hadi Arusha, kisha wanamlaumu muuza matairi.

Na magari haya fowili yake ni ya kuingiza kwa mkono, hayana difu ya kati. Mtu akikufungia saizi mbili ukaingiza fowili kwenye ardhi ngumu, mbele na nyuma vimefungwa pamoja na vinavutana mpaka wenzo wa transfa unagoma kutoka. Dawa ni kurudi rivasi mita chache. Dawa halisi ni tairi nne sawa.

---

Tope la Katavi

AT AT AT. Kwenye udongo mweusi masika AT ni HT yenye majigambo. Mapengo yanajaa tope mzunguko wa kwanza, wa pili unaendesha maandazi manne. Pale ni MT (tairi za tope) au minyororo, au unalala mpaka pakauke. Na mchangani AT yenye upepo mwingi inachimba kaburi lake yenyewe, HT iliyoshushwa mpaka PSI 18 inaelea na kupita. Upepo kwanza, kashata baadaye.

---

Nyuki wa Naabi

@Tope la Katavi hapo kwenye mchanga umesema kweli, nakupa. Ila 18 usikate kona kwa hasira, tairi linatoka kwenye rimu.

---

Buda wa Thika Road

Wabongo poleni, lakini hapa Nairobi tuna ugonjwa mbaya zaidi. Mtu anakuuzia tairi "mpya", linang'aa kama kiatu cha askari, kumbe ni la zamani, limepakwa dawa. Angalieni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2217 ni wiki ya 22 ya mwaka 2017. Saa nyingine wanafunga upande wenye tarehe ukiangalia ndani, chini ya gari, usione. Shika tochi, lala chini. Ukiona nyufa ndogo kwenye mifereji kati ya kashata, rudisha. Ukienda nalo Loiyangalani, yale mawe meusi yatakusomea hiyo tarehe kwa sauti.

---

IST Nyeupe

Alale chini na suti ya Masaki?

---

Mpiga Spana

Afadhali tarehe. Mimi ugomvi wangu ni bunduki ya kufungia nati. Kijana anaibana TRRRRR mpaka anaona raha. Nati za Prado kwenye rimu ya aloi zinataka Nm 112 (kipimo cha nguvu ya kukaza), siyo hasira za kijana. Wanaziua bolti, na ukipata pancha Sekenke usiku unaruka juu ya spana ya gari kama unatwanga, nati haigeuki. Wazianzishe kwa mkono, wakaze kwa kupishana, wamalizie na spana yenye kipimo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 unakagua tena. Nani anafanya hivyo? Hakuna!

---

Mama Changarawe

Hapo kwenye pancha: mleta uzi, spea yako ni saizi gani? Naamini ni 265/65 ya zamani. Likipasuka la nyuma utaweka nini, na ekseli moja itakuwa na vipenyo viwili? Hapo hata difu ya nyuma inaanza kulia. Kwenye gari ya namna hii hesabu ya matairi ni TANO. Unazungusha yote matano kila kilomita 10,000, na spea inazeeka pamoja na wenzake.

---

Difu ya Kati

Spea nimeisahau kabisa kwa hasira. Kwa hiyo ni gari TATU kwa bei ya moja. Narudi kesho asubuhi, atazitoa.

---

Kipara Mtukufu

Kesho atakuongeza MT mahali pa spea akwambie ni ndege.

---

Fundi Pancha wa Kona

Mnalaumu wauzaji, mafundi wa pancha tunatukanwa bure. Mteja ana tundu la ubavuni anataka nichomeke kamba, nikikataa naitwa mwizi. Ubavu hauzibwi. Pancha ni ya katikati ya kashata, tundu lisizidi milimita 6, na kiraka kinawekwa kwa ndani tairi likiwa limevuliwa.

---

Bwana Haraka

Na nitrojeni vipi? Kuna sehemu wanajaza nitrojeni, wanasema AT inadumu mara mbili.

---

Buda wa Thika Road

Hewa unayopumua ina nitrojeni asilimia 78, buda. Umelipia hizo 22 zilizobaki.

---

Fundi Pancha wa Kona

Nitrojeni ina faida yake, haina unyevu, upepo hauruki ruka sana na joto.

---

Mpiga Spana

Kompresa yenye mtego wa maji unaomwagwa kila asubuhi inafanya hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba hamuumwagi.

---

Fundi Pancha wa Kona

Unanijua mimi? Umewahi kufika kwangu?

---

IST Nyeupe

Mods, unganisheni huu na ule uzi wa nitrojeni, tulifika ukurasa wa 14.