Kwa nini wakulima wa zabibu Ufaransa wanahamia kilimo hai?

Mkulima wa Hombolo:
Ndugu wanajukwaa, ninalima zabibu hapa Hombolo, Dodoma, na kila msimu dawa za ukungu hunimalizia sehemu kubwa ya mtaji. Nasikia kwamba Ufaransa, ambako watu wamelima mizabibu kwa karne nyingi na hawakosi dawa wala wataalamu, mashamba mengi yanaacha viuatilifu vya viwandani na kuhamia kilimo hai. Je, wanafuata bei nzuri sokoni, au ipo sababu nyingine?

Bwana Shamba Mstaafu:
Ndugu yangu, bei imo, ila mara nyingi siyo inayotangulia. Kwa miaka mingi mizabibu imechukua takriban asilimia 3 tu ya ardhi ya kilimo ya Ufaransa, huku ikipuliziwa karibu asilimia 20 ya viuatilifu vya nchi nzima, na wa kwanza kuivuta dawa hiyo ni mkulima mwenyewe na vibarua wake, kisha majirani, kwa kuwa katika vijiji vingi mizabibu hufika hadi kwenye kuta za nyumba na shule. Mwaka 2012 serikali ya Ufaransa iliutambua ugonjwa wa Parkinson, ule unaoharibu neva na kutetemesha mikono, kuwa ugonjwa wa kazini kwa wakulima waliotumia viuatilifu. Baba aliyezeeka na mikono inayotetemeka humshawishi kijana wake kuliko tangazo lolote la soko.

Sababu nyingine ni udongo. Dawa ya magugu ikitumiwa mwaka baada ya mwaka, nafasi kati ya mistari hubaki tupu, mvua huuchukua udongo wa juu kwenye miteremko, na trekta hukandamiza unaobaki. Domaine de la Romanée-Conti, kampuni ya mizabibu ya mkoa wa Burgundy, ambayo mvinyo wake ni miongoni mwa ghali kabisa duniani, ilihamia kilimo hai katikati ya miaka ya 1980, nayo haikuwa na shida yoyote ya wanunuzi.

Mvunaji wa Languedoc:
Nakubaliana na Bwana Shamba, lakini mwuliza swali asidhani kwamba kilimo hai ni kuacha kupulizia. Wakulima wa huku kusini mwa Ufaransa bado wanatumia salfa, na pia mrututu (chumvi ya buluu yenye shaba) uliochanganywa na chokaa, dawa iliyojulikana tangu mwaka 1885 kwa jina la mchanganyiko wa Bordeaux. Dawa hiyo hukaa juu ya jani tu, hivyo mvua ikiiosha ni lazima kupulizia upya. Na kwa kuwa shaba haiozi bali hulundikana udongoni, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Isitoshe, mizabibu hupitia miaka 3 ya mpito, ambapo mkulima hufuata masharti yote bila kuruhusiwa kuuza zabibu zake kwa jina la kilimo hai.

Hapa Languedoc upepo mkavu unatusaidia sana. Kule Bordeaux, kusini-magharibi, kuna unyevu zaidi, na mwaka 2018 Château Pontet-Canet, shamba maarufu la huko lenye cheti cha kilimo hai, lilipoteza sehemu kubwa ya mavuno kwa ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu unaopenda mvua. Ndiyo maana wapo wanaohamia na kisha kurudi walikotoka.

Mkulima wa Hombolo:
Nashukuru sana. Kwa ukame wetu wa Dodoma, basi, kazi ingekuwa nyepesi kwangu?

Bwana Shamba Mstaafu:
Kwa mavuno ya kiangazi, naamini hivyo. Adui wako mkubwa atakuwa ubwiri unga, ukungu mweupe usiohitaji mvua, na salfa, ileile wanayopulizia wenzetu wa korosho kule Mtwara, inaruhusiwa. Mavuno yanayokomaa wakati wa mvua ndiyo yatakayokusumbua. Samadi haiwezi kukosekana kwa wafugaji wa Kigogo, na Afrika Mashariki tuna viwango vyetu vya kilimo hai tangu mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai. Muulize kwanza mnunuzi wako kama ataongeza bei, kisha uanze na kipande kilicho mbali na shamba la jirani anayepulizia, kwa maana dawa yake ikipeperushwa na upepo hadi kwenye mizabibu yako, anayenyimwa cheti ni wewe.